Sindano Isiyo na Mapezi

Hasira ya Nyakio jioni hiyo ilikuwa ya kutosha watu watatu, na bado ingebaki ya kumpa mbwa. Mgao wa kwanza ulikuwa wa baba yake, Mzee Njuguna, aliyekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, amekunja mikono, anatazama ukuta wa jirani kama anayesubiri umwombe msamaha. Wa pili ulikuwa wa Pasta Githinji, ambaye bado hakuwa amefika lakini angefika, maana mambo ya aina hii humfikia kabla hayajapoa. Wa tatu ulikuwa wake mwenyewe. Huo ndio uliomuuma kuliko yote, kwa sababu mdomo ulioleta balaa ulikuwa wake.

"Guka, ni dakika moja tu," alisema Nashon, akimwita mzee babu kwa Kikuyu. Alikuwa ameinua sindano kama mtu aliyekaribishwa chai kisha akaambiwa maziwa yameisha. Nashon alikuwa muuguzi wa kliniki ndogo iliyo nyuma ya soko la Noonkopir, pale Kitengela, na kila asubuhi na kila jioni alikuja kwa pikipiki kumdunga mzee tumboni. "Si asubuhi umedungwa vizuri?"

"Asubuhi sikuwa najua."

"Hukuwa unajua nini?"

"Uliza huyo." Mzee alimwelekeza Nyakio kwa kidevu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi, Nashon alipokuwa akitafuta mahali pa kudunga kwenye tumbo la mzee lililobaki ngozi, Nyakio alitaka kumchekesha baba yake asiangalie sindano. Kuchekesha watu ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Kuuza dawa za mifugo aliisomea baadaye. Akasema, "Baba, wewe samaki akipita kwa barabara unafunga dirisha. Sasa ona, unadungwa mnyama wa baharini asiye hata na macho!"

Nashon alicheka. Mzee naye alicheka, tena hadi kifua kikatetemeka. Kisha cheko lake likaisha ghafla, kama redio iliyokatikiwa stima.

"Mnyama gani?"

"Anaitwa sponji. Anakaa tu kwa jiwe chini ya bahari. Hana mdomo, hana miguu, hatoki hapo. Kama diwani wetu."

"Hana macho," mzee alisema polepole. "Na mapezi?"

Hapo ndipo Nyakio angepaswa kufunga mdomo. Lakini alikuwa amechelewa kufungua duka, akajibu huku akitafuta funguo, "Mapezi atoe wapi, Baba?" Akaenda zake.

Mzee Njuguna alikuwa mchonga mawe. Nusu ya nyumba za zamani za Kitengela zimesimama kwa mawe yaliyopita mikononi mwake, ingawa hakuna mwenye nyumba hata mmoja anayemjua kwa jina. Mke wake alipofariki, watu wa kwanza kubisha mlango walikuwa waumini wa Kanisa la Agano Safi, kanisa la mabati lililoko upande wa kwenda Isinya. Walimpikia, wakamfulia, wakamwimbia. Kwa hiyo akawa wao. Wale watu wanashika sana sheria ya vyakula safi na vyakula najisi: nguruwe hapana, na chochote cha majini kisicho na mapezi wala magamba hapana. Kwa Njuguna, mzee wa Kikuyu aliyekulia milimani, ambaye hata samaki mwenye mapezi kamili hakuwahi kumtia mdomoni, hiyo ilikuwa sheria iliyokuja ikamkuta tayari ameshaitii.

Mwaka uliopita mzee alianza kuchoka bila kazi. Michubuko ikatokea mikononi bila kugongwa, fizi zikatoka damu. Hospitali ya Nairobi wakasema ni saratani ya damu. Daktari wake, Dokta Nelima, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alisema dawa kali za dripu zitamuua kabla ya ugonjwa, lakini kuna sindano iitwayo sitarabini ambayo kwa kipimo kidogo anaweza kudungwa nyumbani. Anadungwa mfululizo, anapumzika, anadungwa tena. Mzunguko wa kwanza ulimlaza kabisa. Baada ya mapumziko damu yake ikaanza kurudi kuwa damu ya mtu, naye akarudi kwa kuku wake na kubishana na redio. Huu sasa ulikuwa mzunguko wa pili, na daktari alikuwa ameinua kidole: usikatwe katikati. Ukikatwa, ugonjwa utajipanga upya, na ukirudi mara ya pili hautasikia dawa.

Nyakio ndiye aliyekuwa ameuliza dawa hiyo inatoka wapi. Mwenye agroveti, duka la dawa na vyakula vya mifugo, huwa hawezi kushika chupa bila kusoma ubavuni. Na Dokta Nelima, aliyependa kuulizwa, akamweleza: zamani watafiti walitoa sponji baharini, wakakuta ndani yake vitu vinavyofanana na matofali ambayo seli hujengea, ila vimepinda kidogo. Wakaiga umbo hilo kiwandani. Seli ya saratani ina haraka ya kujijenga, inabeba tofali bila kulikagua, ukuta unakwama, seli inakufa. Nyakio aliipenda hadithi hiyo. Aliibeba hadi nyumbani kama mtoto aliyeokota shilingi, akaitoa mahali pasipofaa.

"Nampigia daktari," alisema sasa, akiweka simu mezani kwa sauti ya juu.

Dokta Nelima alisikiliza bila kukatiza. "Mzee," akasema, "hebu nisikie. Hiyo dawa imetengenezwa kiwandani. Hakuna tone la bahari ndani. Hakuna mnyama."

"Lakini ilitoka kwa mnyama."

"Wazo ndilo lilitoka kwa mnyama. Waliiga umbo tu."

Mzee aliinamia simu kama anayechungulia kisima. "Daktari, mimi nimechonga mawe maisha yangu yote. Nikichonga jiwe liwe nguruwe, hakuna nyama ndani, ni umbo tu. Hilo jiwe utaliweka kanisani?"

Kwenye simu kalamu ilisikika ikigonga meza.

"Mama Kui," daktari akasema hatimaye, akimwita Nyakio kwa jina la binti yake, "mzee wako ana akili sana. Mwambie aitumie kuishi. Kila sindano anayoruka, anaupa ugonjwa nafasi."

Nashon akaitupa sindano kwenye kikopo chake cha taka, akawasha pikipiki. Hakusema kwaheri. Alisema, "Nitakuja asubuhi. Nitakuwa nakuja tu." Ilimkasirisha Nyakio kwamba hata Nashon alikuwa mpole. Kila mtu alikuwa mpole katika jambo hili. Watu walikuwa wanamwacha baba yake afe kwa adabu nzuri kabisa.

Asubuhi mzee alikataa. Jioni alikataa. Siku iliyofuata Nyakio hakufungua duka. Alisimama jikoni akichemsha mayai, maana mayai ndicho chakula pekee ambacho tumbo la baba yake lilikubali tangu sindano zianze, na huku yanachemka, akapata wazo. Lilimjia likiwa limekamilika, na akalitazama akaona halina mlango wa kutokea. Alilibeba hadi barazani pamoja na sahani.

"Baba, haya mayai ni ya kuku wetu, si ndiyo?"

"Ni ya nani tena?"

"Na hao kuku wanakula chakula kutoka dukani kwangu."

"Eeh."

"Sasa sikiza. Kwa kile chakula mimi huchanganya makombe ya chaza yaliyosagwa. Ndiyo hukaza ganda la yai. Chaza anatoka baharini, Baba. Hana mapezi. Hana magamba. Kuku anamla, anatoa yai, na wewe unakula yai. Umemla chaza miaka yote hii na hujafa, na Mungu hajakutupa." Alisimama wima, mikono kiunoni. "Sasa niambie. Sindano ina dhambi gani?"

Mzee Njuguna aliliangalia yai. Aliliangalia kwa muda mrefu, akaligeuza. Nyakio aliona kitu kinasogea usoni mwake, akadhani ni kushindwa. Kumbe mzee alikuwa anahuzunika.

Akaisukuma sahani taratibu hadi ukingoni mwa meza.

"Asante kwa kunieleza," alisema. "Sikuwa najua."

Tangu hapo mayai nayo yakaisha. Nyakio alienda nyuma ya nyumba, mahali kuku walipo, akapiga teke debe la maji hadi likatoboka. Kuku walimkodolea macho. Aliwatukana nao pia, mmoja mmoja, bila kusahau jogoo. Ukitaka kumwona mtu mjinga kabisa, mtafute yule aliyeshinda ubishi na mgonjwa.

Pasta Githinji alifika kesho yake. Alikuwa mtu mrefu, laini, anayeshika mkono wako kwa mikono yake miwili na kuukalia kama kuku anayeatamia. Alipewa kiti kizuri. Alipewa chai. Nyakio alimimina hiyo chai kwa namna ambayo ingekuwa maji ya moto miguuni kama kungekuwa na haki duniani.

"Mzee wetu," Pasta alisema, "nimesikia. Na nikasema lazima nije mwenyewe. Siku hizi watu wanakunywa kila kitu, wanadungwa kila kitu, hawaulizi. Lakini wewe uliuliza. Na hata mayai umeacha!"

"Hata mayai," Mzee alisema, na akakaa wima.

Hapo Nyakio aliona kitu ambacho hakuwa amekiona, na kikamtia baridi. Baba yake alikuwa na furaha. Miaka yote aliyokaa Agano Safi alikaa benchi la nyuma, kati ya spika iliyoharibika na mlango. Hakuna aliyewahi kumwomba asome, hakuna aliyewahi kumwomba aombe. Watu wa mbele walikuwa wenye ploti, wenye magari, waliosoma. Yeye walimfahamu kama mzee wa mawe. Sasa Pasta mwenyewe alikuwa amekaa kwake, anamwita mfano.

"Hili ni agano letu, Mzee," Pasta aliendelea. "Letu pamoja. Jumamosi ni mkutano mkuu kule Kajiado. Makanisa yote yatakuwepo. Nataka usimame utoe ushuhuda."

"Mimi?"

"Wewe. Na unajua desturi yetu." Pasta akamgeukia Nyakio na kutabasamu. "Mama Kui, kwetu ushuhuda haukubaliwi mpaka mtu wa nyumba hiyo hiyo asimame athibitishe. Mimi huuliza, nyumba inasema nini? Na nyumba inajibu. Sasa, mama yako hayuko. Ni wewe."

"Pasta, baba anatoka damu puani."

"Tunaomba juu ya hilo."

"Na sindano?"

"Mimi si daktari, Mama Kui." Alisema hivyo kwa upole mkubwa. "Utakuja?"

Nyakio alimwangalia baba yake. Mzee alikuwa anamwangalia yeye, kwa macho ya mtoto anayeomba asiaibishwe mbele ya wageni.

"Nitakuja," alisema.

"Bwana asifiwe," Pasta akasema, akamaliza chai yake.

Hadi kufika Jumamosi michubuko ilikuwa imerudi, mipana, ya zambarau, kwenye mikono na mapaja. Mzee alivaa shati la mikono mirefu ili isionekane. Nashon alikuja kila siku kama alivyosema, akaketi kidogo, akapima shinikizo la damu, akaondoka. Siku ya Ijumaa alimvuta Nyakio kando ya lango. "Mama Kui, sina maneno mazuri. Akiendelea hivi mwezi huu, usinitafute na pikipiki. Tafuta gari la kubeba mtu amelala."

Nyakio alimpeleka Kajiado kwa pikapu ya duka. Mzee alikaa mbele, suti imemzidi, anafanya mazoezi ya ushuhuda kwa midomo. Mara mbili Nyakio alifungua mdomo kumwambia kitu, na mara mbili akapiga honi badala yake, bila kuwa na gari mbele.

Mkutano ulikuwa uwanjani, chini ya hema kubwa la buluu na nyeupe. Kinamama walikuwa wamefunga vitambaa vyeupe. Wamaasai wa Agano Safi kutoka ndani ndani walikuwa wamekaa upande mmoja na mashuka yao, wakasalimiana "sopa" na "epa" kila mtu alipopita. Spika zilikuwa nzima zote. Mzee Njuguna aliwekwa mstari wa kwanza, kwenye kiti chenye kitambaa.

Alipoitwa, wanaume wawili walimshika mikono kumpandisha jukwaani. Nyakio, aliyekaa chini karibu na ngazi, aliona doa dogo jekundu likienea kwenye upindo wa mkono wa shati lake, pale alipopangusa pua. Mzee aliukunja mkono nyuma na kusema. Alisema vizuri. Alieleza jinsi alivyodungwa bila kujua, jinsi alivyojua, jinsi alivyokataa. Watu walipiga vigelegele. Aliposema ameacha hata mayai, sauti zilipungua kidogo. Kitengela na Kajiado nusu ya kanisa ni wafugaji wa kuku.

Pasta Githinji alichukua maikrofoni. "Nyumba inasema nini?"

Nyakio alipanda. Alichukua maikrofoni kutoka mkononi mwa Pasta, maana Pasta alitaka kumshikia.

"Mimi ni Nyakio, binti wa huyu mzee. Wengi wenu mnanijua, mnanunua kwangu. Mama Muthoki, sopa. Juzi ulichukua gunia mbili za chakula ya kuku wa mayai kwangu. Iko na makombe ya chaza. Mzee Kiama, wewe pia. Hata wale wa kwaya. Sijasikia mtu hapa ameacha mayai isipokuwa mtu mmoja, na ndiye mgonjwa."

Mtu alicheka nyuma, akajikohoza haraka.

"Mama Kui," Pasta alisema pembeni, "thibitisha tu."

"Nathibitisha! Ni kweli alikataa sindano. Ni kweli anaikataa tangu Jumatatu. Na nyumba inasema anakufa." Alimnyooshea mzee kidole. "Nyumba inasema ana saratani ya damu. Alikuwa amelala, akainuka. Alikuwa anarudi. Sasa anatoka damu puani, ameficha kwa mkono, hapo nyuma, muoneni. Mimi nimemaliza upande wangu. Sasa Pasta athibitishe upande wake."

Akamgeukia Githinji na kumsukumia maikrofoni mdomoni. "Sema hapa. Sema, mimi Githinji, nasema Njuguna asidungwe, na akifa ni juu yangu. Sema tu hivyo. Si ni agano lenu?"

"Hayo tuongee kando."

"Kando uliongea na yeye! Mbele ya watu umemweka kiti cha kitambaa! Basi mbele ya watu sema!"

Sasa watu walikuwa wameanza kusimama. Simu zilikuwa zimeinuliwa, na Pasta Githinji akaziona. Unaweza kumjua mtu kwa jinsi anavyoangalia simu zilizoinuliwa. Aliziangalia zote, moja baada ya nyingine, akalainisha uso, akaongea kwa ile sauti yake ya asali.

"Wapendwa, tusipotoshane. Kanisa letu halijawahi kumkataza mtu hospitali. Mimi sijamkataza mzee. Hilo jambo mzee alijiamulia mwenyewe, kwa dhamira yake, nyumbani kwake. Mimi nilimpongeza tu kwa imani. Kanisa halihusiki."

Nyakio alikuwa na maneno mengine mengi tayari, yamepangwa foleni. Hayakutoka, kwa sababu mkono ulio na doa jekundu ulikuja ukachukua maikrofoni.

"Nilijiamulia?" Mzee Njuguna aliuliza.

"Kwa imani yako, Mzee wetu. Imani kubwa."

"Ulikuja kwangu. Ulikaa kwa kiti yangu. Ulisema hili ni agano letu. Letu pamoja, ulisema. Letu ni ya watu wangapi?"

Pasta alijaribu kucheka. "Mzee, keti kwanza, umechoka."

"Nimechoka, eeh. Naumwa. Mimi nilijua naumwa nikikataa, mimi si mtoto. Lakini nilijua tuko wawili." Sauti ilianza kupanda, sauti ambayo Nyakio hakuwa ameisikia tangu akiwa msichana, sauti ya machimboni, ya kusikika juu ya nyundo. "Sisi tukiinua jiwe, mmoja huku, mmoja huku, na mwenzako anachoka, anapiga kelele kwanza! Anasema, naachilia! Ndio utoe mguu! Wewe umeachilia jiwe juu yangu, Githinji, na hata kelele hujapiga!"

"Mzee..."

"Ati nilijiamulia. Sawa. Kama niliamua peke yangu, basi hata leo naamua peke yangu." Alimpa maikrofoni mtu aliyekuwa karibu, ambaye hakujua aifanyie nini. "Nyakio, gari iko wapi?"

Walishuka jukwaani bila wanaume wawili. Nyakio alimshika kiunoni, na alikuwa mwepesi vibaya sana, suti tupu yenye hasira ndani. Hakuna aliyewazuia. Mama Muthoki alisimama kuwapisha, akakaza kitambaa chake.

Njiani Nyakio alimpigia daktari. Dokta Nelima alipiga kelele kwanza, kama anayelipa deni la upole wa siku nyingi, kisha akatoa maagizo. Wampeleke kwa Nashon moja kwa moja. Apimwe damu. Aanze sindano leo hii, na kesho asubuhi aletwe Nairobi kuongezewa damu.

"Tumechelewa?" Nyakio aliuliza.

"Sijui."

"Daktari, niambie tu."

"Nimekuambia. Sijui. Endesha."

Mzee alikuwa akiongea peke yake upande wa pili, akiangalia nje. Alimtaja Githinji kwa majina ambayo Nyakio hakujua kuwa baba yake anayafahamu. Alimtaja mama yake Githinji. Alitaja na gari la Githinji. Kisha akamgeukia bintiye.

"Na wewe. Ulienda kunivua nguo mbele ya makanisa yote."

"Ndiyo."

"Ulimwambia kila mtu natoka damu."

"Ulikuwa unatoka damu, Baba!"

"Ilikuwa damu yangu!"

"Na wewe ni baba yangu!" Alipiga usukani. "Kama ulitaka kufa na heshima ungezaa mtoto mwenye adabu!"

Mzee akageukia dirisha. Pikapu ikapita Isinya, na hasira ikakaa katikati yao kama abiria wa tatu.

Nashon alikuwa amefungua kliniki, amevaa koti lake la kazi juu ya nguo za kucheza mpira. Alitoa damu, akaipima kwa mashine yake ndogo, akasoma, na hakutania. Kiwango cha damu kilikuwa kimeshuka karibu kurudi kule kilikokuwa kabla ya mzunguko wa kwanza. Alimwonyesha Nyakio kwa kidole. Kisha akavaa glavu, akavuta dawa, akasimama mbele ya mzee.

"Guka, lazima niulize. Sitaki kudunga mtu kwa nguvu. Bado unaona hii dawa ni najisi?"

"Ni najisi," Mzee Njuguna alisema bila kusita.

Nashon akashusha mkono. Nyakio akafumba macho.

"Nimesema ni najisi. Sijasema usidunge. Hilo mimi na Mungu tutaongea." Alijilaza kitandani, akafunua tumbo mwenyewe, la njano, lenye alama za sindano za zamani. "Na siendi kuongea na yeye kabla ya Githinji. Githinji aende kwanza aeleze ile jiwe. Dunga, kijana! Unangoja kwaya?"

Nashon akadunga.

Nje honi zilikuwa zikipigwa. Nyakio alikuwa ameiacha pikapu katikati ya barabara, milango wazi, na msururu wa magari ulikuwa umefika hadi sokoni. Alitoka kwenda kuisogeza. Dereva mmoja wa lori la mchanga alimuuliza kama barabara ni ya baba yake, naye Nyakio akasimama pale pale, machozi yakimtiririka, akamjibu dereva huyo kwa maneno ambayo hata Agano Safi hawajayatungia sheria.